Namba 14: spoku, waya na sindano ya kroshia

Sindano yangu ya kwanza ya kroshia ilikuwa spoku ya baiskeli. Shangazi aliikata kipande cha urefu wa kiganja, akaisugua ncha kwenye jiwe mpaka ikawa butu na laini, kisha akashika tupa na kuchonga koo dogo la kunasia uzi. Kwa sindano hiyo nilifuma vitambaa vya makochi na cha kufunikia redio, na vyote vilipendeza. Nilipoitumia kufumia kofia ya mtoto kwa uzi wa sweta, kofia ikatoka ngumu kama kibuyu. Ukiiweka mezani inasimama yenyewe.

Fundi baiskeli ndiye aliyeniambia kwamba spoku ile ni geji 14. Miaka mingi baadaye nikaagiza mjini sindano ya chuma namba 14, nikijua naletewa ndugu wa spoku yangu. Kilichofika ni kijisindano chembamba cha karibu milimita 0.75, ambacho uzi wangu haukuweza hata kukaa kooni mwake. Spoku ina milimita 2. Namba ni ileile, lakini vitu ni viwili tofauti kabisa, na sababu yake inaanzia kwa wavuta waya.

Waya hutengenezwa kwa kuuvuta ufito wa chuma upite kwenye tundu la bamba gumu, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena. Zamani namba ya waya ilifuata hesabu ya mivuto hiyo. Uliovutwa mara nyingi ulikuwa mwembamba kuliko uliovutwa mara chache, ndiyo maana namba ikipanda unene unashuka. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na vipimo tofauti, mpaka serikali ilipoweka geji moja ya taifa iliyoanza kutumika kisheria mwaka 1884. Katika geji hiyo, namba 14 ni milimita 2.03 na namba 8 ni milimita 4.06. Namba za zamani za sindano za kufumia za Kiingereza zilifuata mpangilio huohuo: namba 14 ni milimita 2, namba 8 ni milimita 4. Kwa hiyo spoku ya shangazi ilikuwa sindano ya Kiingereza tangu kiwandani, ikikosa koo tu.

Wamarekani walishika njia yao. Sindano zao za uzi wa sufu hunenepa kadiri namba inavyopanda, na namba 8 yao ni milimita 5. Zile za chuma za uzi mwembamba zikabaki kwenye desturi ya kurudi nyuma, kwa ngazi zake zenyewe. Hapo ndipo kilipotoka kijisindano changu.

Ufumaji wa kroshia wenyewe si wa kale kama wengi tunavyodhani. Jina kroshia linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kidoana, na maelekezo ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa kwa jina hilo yalitoka mwaka 1823 katika gazeti la Kiholanzi liitwalo Penélopé. Njaa kubwa ya viazi ilipoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, masista na kina mama waliowafadhili maskini waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi za kuuza, na familia nyingi zikapata chakula kwa njia hiyo. Asiyeweza kununua sindano alipinda ncha ya sindano ya kawaida na kuichomeka kwenye kizibo ili apate pa kushika. Nikisoma habari zao namwona shangazi na tupa yake.

Kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mlango mkubwa wa kazi hizi ulikuwa misheni. Walutheri wa Berlin waliingia upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, Wabenediktini wakaanzisha Peramiho mwaka 1898, na kazi za mikono zikawa sehemu ya malezi ya wasichana. Baadaye zikapokelewa na shule kupitia sayansi kimu, na vikundi vya akina mama.

Lakini chuma hakikuletwa na misheni. Wapangwa wa Ludewa walikuwa wafua chuma tangu zamani, waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri zao wenyewe, na mtafiti Randi Barndon wa Norway alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo ya Wapangwa na Wafipa mwaka 2004. Milima ya Liganga, humohumo wilayani Ludewa, imejaa chuma. Majembe ya viwandani yalipoenea, tanuri zilizimika. Mikono ya watu waliojua kunoa na kusugua chuma ilibaki, na ninaamini kwa dhati kwamba spoku ilikutana na ujuzi uliokuwa ukiisubiri.

Sasa ile kofia iliyosimama kama kibuyu. Uzi mwembamba wa pamba, ule wa vitambaa vya meza, unataka sindano ya milimita 1.25 hadi 1.75, na spoku inakubali ukitaka matundu yalegee kidogo. Uzi wa sweta unataka milimita 4 au 5. Ukiubana kwa milimita 2, vitanzi vinasongamana, hewa inakosa pa kukaa, na hewa iliyotulia ndani ya nyuzi ndiyo inayotunza joto. Ukizidisha sindano nene, upepo wa Juni unapita moja kwa moja hadi utosini. Tena mikono haifanani: mwenye mkono wa kubana apande nusu milimita, mwenye mkono mlegevu ashuke. Fuma kwanza kipande cha upana wa vidole vinne, kikunje, kivute, ndipo uamue.

Zile sindano zenye kiulimi zinazouzwa kwa ajili ya kusukia nywele ziache saluni. Kiulimi chake kilibuniwa kwa ajili ya mashine za kufuma soksi.

Sindano nyingi za sokoni Njombe na Makambako namba yake imefutika kwa kushikwashikwa. Mimi natembea na kipande cha boksi gumu nilichotoboa matundu matatu: moja kwa spoku, la pili kwa sindano ya milimita 4 ninayoiamini, la tatu kwa ya milimita 5. Muuzaji akinipa sindano naipitisha. Ikicheza kwenye tundu la spoku ni ya vitambaa. Ikikwama hapo naipeleka kwenye tundu la pili. Wavuta waya nao walikuwa na bamba lenye matundu.