Kipimajoto katika mtambo wa kukeneka

Kukeneka ni kuchemsha kitu hadi kitoe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo ugeuke kuwa kimiminika katika chombo kingine. Kisiwani Pemba, ng'ambo ya bahari kutoka Tanga, kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mchaichai. Karafuu, mdalasini na iliki hustawi pia Usambara Mashariki, wilayani Muheza, na mtambo mdogo wa nyumbani hufuata kanuni ileile.

Wengi hudhani kipimajoto huonyesha wakati mafuta yanapotoka. Sivyo. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huchemka ikiwa peke yake kwenye nyuzijoto 254 hivi, lakini ikibebwa na mvuke wa maji hutoka chini kidogo ya 100. Aidha, maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 Tanga mjini huchemka karibu na 97 huko Amani, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayengoja 100 akiwa Amani ataipata pale tu maji yatakapokuwa yamekwisha na makonyo yanaungua. Ndiyo maana kihisi cha chini ya pipa kina thamani kuliko vingine: joto likipanda ghafla, kengele ilie na moto uzimwe.

Kihisi cha PT100 hutumia waya wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kile cha kidijiti cha DS18B20 ni rahisi kuunganisha, ila usahihi wake wa nusu nyuzi huishia kwenye nyuzi 85, yaani kabla ya mvuke haujaanza.

Kidhibiti huwasha na kuzima hita ya umeme kwa kufuata kihisi. Kwa jiko la kuni hakina la kufanya ila kupiga kengele. Kihisi cha pili huwekwa panapotoka maji ya kupozea, kwani umeme ukikatika pampu husimama ilhali pipa bado linatoa mvuke.

Wapo wanaoamini kwamba kifaa hicho huifanya gongo kuwa salama. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli kwenye 78.4, lakini katika mtambo wa kawaida mivuke yao hutoka pamoja. Hakuna kipimajoto kinachoitenga, sembuse ile inayoongezwa na wauzaji baadaye. Jijini Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Nchini Tanzania, kukeneka gongo bila leseni ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966. Anayeona ukungu machoni saa kadhaa baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja.