Deni Lisilokopwa: Kutoka Kodi ya Kichwa hadi Ushuru wa Maegesho

Kiswahili kina neno moja, deni, kwa mambo mawili yasiyofanana. Lipo deni la mtu aliyekwenda kukopa, akakubaliana na mkopeshaji na akapokea fedha. Lipo pia deni la mtu ambaye hakukopa chochote, ila ameandikiwa kuwa anadaiwa: kodi, ushuru au faini. Hoja yangu ni kwamba historia ya Nachingwea inatuonya tusiyachanganye madeni haya. Onyo hilo lina uzito zaidi leo, ambapo ushuru wa kuegesha gari na sifa ya mkopaji vyote vinatunzwa katika mifumo ya kompyuta.

Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, ikitaka ilipwe kwa fedha. Mkulima wa kusini alikuwa na mtama ghalani, hakuwa na rupia. Ilimlazimu auze mazao au auze nguvu zake. Waingereza waliirithi kodi hiyo na kuitungia sheria yao mwaka 1922. Aliyeshindwa kulipa aliweza kutakiwa kufanya kazi badala ya fedha. Stakabadhi ya kodi ikageuka kuwa kitambulisho. Mwanamume asiye nayo alitiliwa shaka kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 1923 serikali hiyo hiyo ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani kwa bidhaa alizomkopesha, ila kama mkataba wao uliandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya wakopeshaji wenye hila. Matokeo yake ni kwamba mchuuzi Mwafrika alinyimwa bidhaa za mkopo na wauzaji wa jumla. Tafakari ukinzani uliopo hapo: mtu aliyehesabiwa kuwa hawezi kuingia katika deni kwa hiari yake alihesabiwa kuwa anaweza kabisa kudaiwa bila hiari yake.

Nachingwea iliushuhudia pia upande wa pili wa mizani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulifika mradi mkubwa wa karanga, na mwaka 1949 reli ikafika kutoka pwani. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliachana na mpango huo na kufuta takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Deni la mamilioni lilifutwa kwa uamuzi uliofanyika London, lakini mwanakijiji aliyepungukiwa shilingi chache za kodi hakufutiwa. Baada ya uhuru kodi za aina hiyo zilibadilika majina. Sisi wa umri wangu tunakumbuka kodi ya maendeleo, na wanaume waliokimbilia porini waliposikia mgambo wanakuja. Ilifutwa mwaka 2003.

Leo hakuna anayekimbia porini, kwa sababu kumbukumbu imehamia kwenye mifumo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 ziliruhusu kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji, na benki huzitazama taarifa hizo kabla ya kutoa mkopo. Jambo hili linawagusa watumishi wa umma, na linamgusa vilevile mkulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, ambaye chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani malipo yake hupitia benki. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 TARURA ilianza kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki. Deni huandikwa kwa namba ya gari, na asiyelipa kwa wakati huongezewa adhabu. Lakini namba ya gari si mtu. Aliyeegesha anaweza kuwa dereva, ndugu, au mnunuzi ambaye hajabadilisha umiliki.

Ushuru wa maegesho si mkopo. Hata hivyo tumeamua kwamba mifumo ya serikali isomane, na uamuzi huo ni mzuri. Swali ni hili: ikisomana, ni deni lipi liruhusiwe kuligusa jina la mtu mbele ya mkopeshaji?

Uingereza imekwisha kukutana na swali hilo. Huko kampuni binafsi hutoza wanaozidisha muda wa kuegesha, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali tozo ya pauni 85 kwa dereva aliyezidisha dakika 56. Tozo yenyewe haiingii katika taarifa za mkopaji. Kinachoingia ni hukumu ya mahakama isiyolipwa ndani ya mwezi mmoja, nayo hukaa miaka 6. Ulinzi huo una tundu: wito ukipelekwa kwenye anwani ya zamani, mtu anaweza kuhukumiwa bila kujua, na akaja kugundua siku anapoomba mkopo wa nyumba.

Sisi tuna nafasi ya kuziba tundu hilo mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kujua na kusahihisha taarifa zake. Tuongeze kanuni tatu. Deni lisilokopwa lisiingie katika taarifa za mikopo bila uamuzi wa chombo huru. Mdaiwa athibitishwe kuwa amepata taarifa, wala isitoshe kuwa imetumwa. Na deni likilipwa au likibatilishwa, alama yake iondoke bila mhusika kuzunguka ofisini.

Anayedaiwa ushuru alipe. Barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini babu zetu walipimwa uungwana kwa kipande cha karatasi ya kodi. Haifai wajukuu wao wapimwe uaminifu kwa saa moja ya kuegesha gari, tena pengine bila kuulizwa.