Mtoto ni wa Nani?

Msomaji, huenda umekwisha kupita mbele ya jengo la mahakama katika mji wa wilaya yako, ukaona mwanamume ameketi upande mmoja pamoja na ndugu zake, na mwanamke upande wa pili pamoja na mama yake, na mtoto mdogo akienda huko na huko kati yao, asijue akae wapi. Hao wamekuja kwa kesi ya kuachana. Na hakimu atakapokwisha kuamua habari ya ndoa, hana budi kuamua pia habari ya mtoto. Watu wengi hudhani ya kuwa hakimu huyo anaulizwa swali lile lile walilolijibu wazee wa zamani. Sivyo. Wazee walikuwa wakiuliza mtoto ni wa nani. Sheria ya leo yauliza ni kitu gani kitakachomfaa mtoto. Nataka nikueleze jinsi swali la kwanza lilivyogeuka kuwa la pili, maana halikugeuka kwa siku moja, wala halijageuka kila mahali.

Tuanze bara. Kwa makabila mengi ya Kenya ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili, na kifungo chake kilikuwa mahari: ng'ombe, mbuzi, na vitu vinginevyo kwa desturi ya kila mahali. Mahari ikiisha kutolewa, watoto wa mwanamke yule walihesabiwa kuwa wa ukoo wa mume. Mke alipomkimbia mumewe akarudi kwa baba yake, wazee walikutana, wakawasikiliza wote wawili, wakajaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, walihesabu ng'ombe. Wangapi walitolewa? Wangapi wamezaa? Wangapi wamekufa, na ni nani awezaye kushuhudia? Chukua mfano: mtu alitoa ng'ombe kumi, na mkewe akamzalia watoto wawili kabla hawajaachana. Wazee wangeweza kuamuru ng'ombe sita warudi, na wanne wabaki kwa baba mkwe kwa ajili ya watoto wale. Hesabu yenyewe ilitofautiana toka kabila hata kabila, lakini maana yake ilikuwa wazi: ng'ombe waliobaki ndio waliowafanya watoto wabaki kwa baba yao. Kwingine, mahari yote ikirudishwa, watoto waliweza kumfuata mama.

Abagusii walilishika jambo hili kwa nguvu sana. Mwaka 1950 Philip Mayer alichapisha kijitabu juu ya sheria na desturi ya mahari yao, nacho chafaa kusomwa hata leo. Kwa desturi hiyo, mwanamke akitoroka na mwanamume mwingine, akakaa naye miaka mingi na kumzalia watoto, lakini ng'ombe wa mume wa kwanza wasirudishwe, watoto wale walikuwa wa yule wa kwanza. Hebu fikiri. Mtoto aweza kuzaliwa katika nyumba fulani, asijue sauti nyingine ya baba ila ya mwenye nyumba hiyo, kisha siku moja akadaiwa na mtu asiyemjua hata kwa sura, kwa sababu ng'ombe wa mtu huyo hawajarudi.

Lakini usiharakishe kuwalaumu wazee. Katika nchi ambayo mtu alipata shamba, mke na kinga kwa njia ya ukoo wake, mtoto asiye na ukoo alikuwa maskini kweli kweli. Na wazee waliomrudisha kwa baba waliona kuwa wanampa ardhi ya kulima siku za usoni. Tena mtoto anyonyaye hakunyang'anywa. Aliachwa na mama mpaka akue. Kosa la hesabu ile, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba uchungu wa mama haukuwa na mahali pa kuandikwa ndani yake. Na si uchungu wa watoto tu. Binti aliyepigwa alirudi kwao, akamkuta baba yake hana la kufanya: ng'ombe wamekwisha kutumiwa kumwoza kaka yake mke. Baba kama huyo alimsihi binti arudi akavumilie, kwani talaka ya binti ingevunja na ndoa ya mwana.

Serikali ya kikoloni haikuiondoa hesabu hiyo, iliiandika daftarini. Kwa sheria ya mwaka 1930 mabaraza ya wenyeji yaliwekwa rasmi, na wazee wake waliwekwa kwa idhini ya serikali. Karani aliandika maneno, mdai alilipa ada, na asiyeridhika alikata rufani mpaka kwa wakuu wa serikali, yaani D.C. na P.C. Mwanasheria Arthur Phillips alipoyachunguza mabaraza hayo, na taarifa yake kutolewa mwaka 1945, alikuwa na mengi ya kusema juu ya kazi yake. Mwaka 1951 ikaja sheria mpya, nayo mabaraza yakawa Mahakama za Waafrika. Hapo pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia yafaa alitazame. Desturi iliyokuwa ikisemwa chini ya mti iliweza kupindwa kidogo kwa ajili ya huruma, na kesho yake ikasahauliwa. Iliyoandikwa na karani ilitajwa tena katika kesi ya mwaka uliofuata.

Sasa tushuke pwani, ambako tutakuta neno lile lile, mahari, likiwa na maana nyingine. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Si ya baba yake wala ya ukoo wake, wala haifungi watoto upande wowote. Kadhi alikuwapo pwani kabla Waingereza hawajafika. Nao, walipopatana na Sultani wa Unguja mwaka 1895 ili wautawale mwambao wa maili kumi, walikubali kuwa sheria na mahakama za dini ziendelee. Makadhi walikuwa wanavyuoni: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu toka mwaka 1937 hata alipofariki mwaka 1947, ndiye yule yule aliyetoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa.

Mbele ya kadhi mume hana haja ya kuomba talaka, kwani ulimi wake watosha, ingawa yampasa kumlisha mkewe katika eda. Mke ndiye ahitajiye mahakama. Aweza kujikomboa kwa kurudisha mahari, yaani khului; au aweza kumwomba kadhi aivunje ndoa kwa sababu mume hampi chakula, au amemtupa, au amdhuru. Ndiyo maana wanawake ndio waliojaa barazani kwa kadhi. Susan Hirsch, aliyezichunguza mahakama hizo Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, alionyesha kuwa wanawake wengi walileta mashauri huko na mara nyingi walishinda, jambo ambalo wasiozijua mahakama hizo hawalitazamii.

Na mtoto? Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi pwani, mtoto mdogo hukaa na mama, na baba hutoa matumizi. Afikapo umri wa kupambanua mambo, yapata miaka saba, huulizwa yeye mwenyewe amtaka nani. Lakini mama akiolewa na mume mwingine, haki yake yaweza kumpita ikaenda kwa nyanya, mama wa mama. Mjane wa talaka, basi, alikuwa na uchaguzi mgumu: mume mpya au mwana.

Neno la kuwa faida ya mtoto itangulie yote liliingia katika sheria ya Kenya mwaka 1959, likifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1925. Kwa miaka mingi lilikaa vitabuni kuliko vijijini. Mwaka 1967 Mahakama za Waafrika zilifutwa, mahakimu wa wilaya wakachukua mahali pake; na mwaka uliofuata Eugene Cotran akachapisha kitabu cha desturi za ndoa na talaka, kabila kwa kabila, ambacho mahakimu walikishika mkononi. Hivyo hesabu ya ng'ombe ikazidi kusikika.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ndiyo iliyolitoa neno lile vitabuni, lakini ilikuwa na tundu: baba asiyemwoa mama hakubebeshwa mzigo wa mtoto tangu mwanzo, na mama aliubeba peke yake. Katiba ya mwaka 2010 ililiziba. Mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya mwaka 2022 ikakaza fundo hilo. Siku hizi hakimu aweza kumtuma afisa wa watoto azione nyumba zote mbili, mahali mtoto alalapo na shule aendayo, na kuleta taarifa. Na mtoto mwenyewe, akiwa na akili ya kutosha, husikilizwa kwa faragha. Mahari haiulizwi.

Hata hivyo pana mlango mmoja ambao haujafungwa wala kufunguliwa vizuri. Katiba yasema kadhi ataamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye. Watoto hawakutajwa kwa jina. Sheria ya Watoto nayo ina mahakama yake. Majaji hawakuafikiana: wengine wameona kuwa ulezi wa mtoto wafuata talaka kwa kadhi, wengine kuwa ni wa mahakama ya watoto tu. Kwa hiyo mama wa Malindi aliyepewa talaka hapo asubuhi aweza kutoka kwa kadhi akiwa na karatasi yake mkononi, akasimama barabarani, na kuuliza wapita njia ni mahakama ipi aende kwa ajili ya mwanawe.