Ushago Gani?

Mwezi wa tatu tulimhamisha shosho kutoka Umoja hadi makao ya wazee huko Kiambu. Alikuwa ameanguka bafuni mara mbili, na sisi wote tuko kazini ama shule mchana kutwa. Shida ni kwamba mkataba wake wa nyumba ulikuwa wa mwaka mmoja na bado ulikuwa na miezi saba. Mwenye nyumba akasema anayetoka kabla ya muda anaacha dipoziti. Hiyo ni 36,000. Tukampelekea barua ya daktari. Akauliza, "Kwani mkataba unasema nini kuhusu daktari?"

Hausemi kitu. Nimeusoma mara nne. Kuna kelele, kuna mbwa, kuna misumari ukutani. Hakuna mahali panapofikiria kwamba mpangaji anaweza kuzeeka.

Na kwenye WhatsApp ya familia anko akaandika kwamba mambo ya hom ni ya wazungu, mama arudishwe ushago. Shosho akamjibu mwenyewe kwa voisi: "Ushago gani? Mimi nilizaliwa Shauri Moyo."

Hapo ndipo nilianza kuchimba historia, na nikagundua anko na mwenye nyumba wanasoma kitabu kimoja bila kujua.

Nairobi ya mkoloni haikutaka Mwafrika azeekee ndani yake. Ilitaka mikono yake tu. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba cheti chenye rekodi ya kazi yake. Wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kibati. Huna kazi? Basi huna sababu ya kuwa mjini. Nyumba zikafuata hesabu hiyo hiyo. Wengi walipewa nafasi ya kitanda tu, si nyumba. Mshahara nao ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na familia. Mke, watoto na uzee ni mzigo wa kijijini. Yaani mwajiri anachukua nguvu zako, halafu bili ya magoti yako inatumwa ushago. Serikali yenyewe ilikuja kuambiwa hivyo na kamati ya mishahara ya Carpenter mwaka wa 1954: lipeni mshahara wa familia, si wa kapera.

Lakini kuna watu walikuwa wamekataa mapema sana, na hii ndiyo sehemu naipenda. Pangani, kisha Pumwani kuanzia miaka ya 1920, Waafrika walijijengea nyumba zao na kukodisha vyumba. Kati ya wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi. Hao hawakuwa na mpango wa kurudi popote. Kodi ya vyumba ndiyo ilikuwa pensheni yao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa, watu wakahamishiwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za manispaa. Mama ya shosho alikuwa na nyumba Pangani. Shosho, aliyezaliwa 1946, amekuwa mpangaji maisha yake yote.

Uhuru ulikuja, lakini ile hesabu haikuondoka na bendera. NSSF ilipoanza 1965, ilikuwa ikilipa pesa zote kwa mkupuo, si kila mwezi. Hiyo ni sawa kama una shamba linakungoja. Kwa mpangaji, pesa zinaisha na yeye bado yupo. Leo Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Inua Jamii inampa 2,000 kwa mwezi akifika 70. Sheria ya kudhibiti kodi, ya 1959, inalinda nyumba za kodi isiyozidi 2,500. Nionyeshe nyumba ya 2,500 Umoja, nihamie leo jioni.

Na si eti hili ni gumu kuandikia sheria. Jimbo la New York, mpangaji wa miaka 62 na zaidi ambaye daktari amethibitisha kwamba hawezi kuishi peke yake anaruhusiwa kuvunja mkataba ili aende makao ya wazee, au hata kwa jamaa yake. Anatoa notisi, anaambatisha cheti, na mkataba unaisha siku 30 baada ya tarehe ya kodi inayofuata. Kwetu unabaki kumwomba mwenye nyumba huruma.

Zile 36,000 bado hatujazipata. Lakini wiki iliyopita binamu yangu alikuwa anamtafutia babake nyumba Donholm, tukaongeza mstari mmoja kwa kalamu chini ya mkataba: akilazimika kuhamia makao ya wazee kwa ushauri wa daktari, notisi ya mwezi mmoja inatosha na dipoziti inarudishwa. Mwenye nyumba alisoma, akacheka, akasema babake bado yuko fiti. Kisha akasaini.