Lailatul Kadri: Jina, Tarehe na Maana Yake

Katika masiku ambayo Waislamu huyahuisha kwa ibada, hapana usiku uliotajwa katika Kurani kwa jina lake na kupewa sura nzima ya kueleza habari zake peke yake isipokuwa Lailatul Kadri. Sura hiyo ni ya 97, na aya zake ni 5 tu. Hata hivyo maneno machache hayo yamewashughulisha wafasiri kwa zaidi ya karne 13, wala hawajakubaliana juu ya maana ya jina, juu ya tarehe ya usiku wenyewe, wala juu ya makusudio ya miezi elfu iliyotajwa ndani yake. Makala haya yanakusudia kuyatazama mambo hayo matatu mmoja mmoja, kisha kuona jinsi Kiswahili kilivyolipokea jina hilo. Hili si suala la kamusi tu. Mtu aingiapo msikitini usiku huo, lile analolitafuta hutegemea sana maana aliyofundishwa ya jina lake.

Tuanze na jina. Neno la Kiarabu lenye asili ya herufi qaf, dal na ra lina matawi mengi, na wafasiri wameshika matatu katika hayo. Tawi la kwanza ni kukadiria, yaani kupima jambo na kulikatia hukumu. Kwa maana hii usiku huo ni usiku ambao mambo ya mwaka mzima, riziki na ajali za watu, hudhihirishwa kwa malaika. Tegemeo la maana hii ni mwanzo wa sura ya 44, ambapo hutajwa usiku uliobarikiwa ambao ndani yake kila jambo la hekima hupambanuliwa. Tawi la pili ni cheo na heshima, kama asemwavyo mtu kuwa ana kadri mbele ya wenzake. Maana hii imepokewa kwa al-Zuhri. Tawi la tatu ni kubana au kuwa finyu, nalo limenasibishwa na al-Khalil bin Ahmad, bingwa wa lugha wa Basra. Kwa maana hiyo ardhi husongamana usiku huo kwa wingi wa malaika wanaoteremka. Maana ya tatu ni nzuri kwa sura yake, lakini wafasiri wengi wameitaja tu wakapita. Ushindani wa kweli u kati ya mbili za kwanza.

Kabla ya kuamua baina ya hizo, yafaa tukumbuke tukio ambalo usiku huo unalikumbusha. Kurani haikumfikia Mtume kwa usiku mmoja. Ilianza mwaka 610 katika pango la Hira, nje ya mji wa Maka, kwa aya za mwanzo za sura ya 96, ikaendelea kwa muda wa miaka ipatayo 23. Basi yawezekanaje kusemwa kuwa iliteremshwa katika usiku mmoja? Jibu lililoenea zaidi limepokewa kwa Ibn Abbas: iliteremshwa yote hadi mbingu ya chini katika Lailatul Kadri, kisha ikamfikia Mtume sehemu kwa sehemu kwa kadiri ya matukio. Wengine walijibu kwamba kuteremshwa maana yake ni kuanza kuteremshwa. Majibu yote mawili yanaufunga usiku huo na mwezi wa Ramadhani, kwani sura ya 2 inasema kuwa ndio mwezi wa Kurani. Kwa sababu hiyo rai ya Ikrima, aliyeuona usiku uliobarikiwa wa sura ya 44 kuwa ni ule wa nusu ya Shaabani, haikukubaliwa na wengi.

Tarehe ndiyo iliyoleta mjadala mrefu zaidi. Ibn Hajar al-Askalani, aliyefariki mwaka 1449, alikusanya katika sherehe yake ya Bukhari rai zaidi ya 40. Hadithi mashuhuri zinauweka katika kumi la mwisho la Ramadhani, hasa katika masiku ya witiri. Abu Said al-Khudri alisimulia kwamba mvua ilinyesha usiku wa 21, paa la msikiti wa Madina likavuja, na asubuhi akauona udongo katika paji la uso wa Mtume baada ya sijida. Kwake yeye alama ile ilikuwa imetimia. Abdullah bin Unais alisimulia jambo la namna hiyo hiyo juu ya usiku wa 23. Ubayy bin Kaabu naye aliapa kuwa ni usiku wa 27. Mashia Ithnaashariya, na miongoni mwao Makhoja wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, hukesha usiku wa 19, wa 21 na wa 23. Masiku hayo kwao yameungana na huzuni, kwa kuwa Ali alijeruhiwa tarehe 19 Ramadhani mwaka 40 wa Hijra akafa tarehe 21.

Hapa msomaji azingatie hesabu ya siku. Kwa Waislamu, kama ilivyo katika Kiswahili cha zamani, siku huanza kwa kuchwa jua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, na usiku wa mwezi 27 ni ule unaotangulia mchana wa tarehe 27. Siku hizi watu wengi huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, na kwa hiyo hawana budi kusema usiku wa kuamkia Ijumaa ili wasikosewe. Maneno hayo ya kuamkia ni alama ya hesabu mbili zinazokutana katika lugha moja.

Usiku wa 27 ndio uliopata nguvu miongoni mwa Masuni walio wengi. Mbali na kiapo cha Ubayy, baadhi ya watu walitafuta ushahidi katika maandishi yenyewe. Walihesabu maneno ya sura wakapata 30, na neno linaloashiria usiku huo katika aya ya mwisho likawa la 27. Wakahesabu tena herufi za jina la usiku wakapata 9, na kwa kuwa jina limetajwa mara 3, jumla ikawa 27. Hesabu hizi zapendeza kusikilizwa, lakini wanavyuoni kadhaa walizihesabu kuwa ni vichekesho vya elimu, si hoja.

Hesabu ya miezi elfu nayo iliingia katika siasa. Miezi 1,000 ya mwandamo ni miaka 83 na miezi 4 ya Hijra, ambayo kwa miaka ya jua ni 80 na miezi ipatayo 10. Tirmidhi amepokea habari, akaiita ngeni, kwamba Hasan bin Ali alilaumiwa kwa kumwachia Muawiya utawala, akajibu kuwa Mtume alionyeshwa Banu Umayya juu ya mimbari yake akahuzunika, ndipo akapewa usiku ulio bora kuliko miezi elfu ya utawala wao. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, aliipima habari hii kama mwanahistoria. Utawala wao, tangu mwaka 40 hadi 132 wa Hijra, ni miaka 92, wala si 83. Hesabu hupatana tu ikiwa itatolewa miaka 9 ya Ibn Zubair. Tena wengi wameiona sura kuwa ya Maka, na mimbari ilijengwa Madina. Zaidi ya hayo, ikiwa utawala ule ulikuwa wa kulaumiwa, kuwa bora kuliko huo si sifa kubwa kwa usiku mtukufu. Hoja hii ya mwisho inatosha peke yake. Miezi elfu yaelekea kuwa mfano wa umri mrefu wa mwanadamu: ibada ya usiku mmoja inapimwa na maisha mazima, ikayashinda.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Mzizi huo mmoja umetupa kukadiria, makadirio, kadari, takdiri na kudura. Umetupa pia neno kadiri, ambalo limechukua njia yake lenyewe. Mtu wa kadiri kwetu si mtu mkubwa wala mdogo, na mali ya kadiri ni mali ya wastani. Basi mfasiri ambaye angeandika usiku wa kadiri angempa msomaji wake usiku wa kati na kati, kinyume kabisa cha makusudio. Lugha ilikwisha kulichukua neno, lakini ilikuwa imeliacha cheo chake njiani.

Yaonekana ndiyo sababu wafasiri wetu hawakulitupa jina la Kiarabu. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, alilibakiza, akaliongezea ufafanuzi wa heshima. Ali Muhsin al-Barwani, ambaye tafsiri yake ilitoka katika miaka ya 1990, alilibakiza vilevile, akaongeza ufafanuzi wa cheo. Wote wawili walichagua tawi la pili. Uchaguzi huo una matokeo. Aliyefundishwa kuwa huu ni usiku wa makadirio tu huenda akakaa kama anayengoja hukumu, au akatazamia mbingu kufunguka na miti kusujudu ili aombe haja yake moja. Al-Tabari alikwisha kusema zamani kwamba kuona mambo hayo si sharti. Aliyefundishwa kuwa ni usiku wa cheo huenda kutafuta namna ya kustahili cheo hicho.

Hadithi zenyewe zaunga mkono njia hii ya pili. Mtume alikaa itikafu siku 10 kila Ramadhani, na mwaka aliofariki alikaa 20. Bibi Aisha alipomwuliza aseme nini akiujua usiku huo, hakufundishwa kuomba mali wala umri, bali afu ya Mungu. Afu na afya ni maneno ya asili moja: kusamehewa ni kuponywa. Ubada bin Samit naye alisimulia kwamba Mtume alitoka ili awaeleze watu tarehe yake, akawakuta wawili wanagombana, na ujuzi huo ukaondolewa. Hata alama aliyoitaja Ubayy, jua kuchomoza pasipo mionzi mikali, huonekana usiku ukiisha kupita. Haiwezi kumsaidia mtu kuuwinda. Yamwambia tu kwamba ulikuwapo.

Kwa hiyo anayekesha usiku wa 27 pekee anafuata rai yenye nguvu, lakini anaacha hekima ya kufichwa kwake. Ugomvi wa watu wawili uliwanyima umma tarehe. Malipo yake ni masiku kumi badala ya mmoja. Cheo cha usiku hakikuwekwa katika hesabu ya mwezi, bali katika kile kilichoteremka ndani yake na katika amani ambayo sura inasema hudumu hadi alfajiri. Wazee wa pwani waliosema Lailatul Kadri bila ya kuifasiri hawakushindwa na lugha yao. Waliacha jina lifundishwe, na mafundisho yabebe kile ambacho neno moja halikuweza kukibeba.