Kipuri Kisichouzwa Dukani

Kitu kikiharibika, fikira ya kwanza ya mwenyewe ni kwenda dukani kununua kingine cha kushika mahali pake. Baiskeli ikivunjika pedali, pedali nyingine hupatikana kwa fedha kidogo. Lakini yako magari ya fahari ambayo mwenyewe, hata akiwa tajiri wa kupindukia, akiharibikiwa na mlango mmoja hapati duka lenye mlango wa pili. Sababu yake imo katika historia ya namna magari hayo yalivyoundwa, na historia hiyo ina funzo.

Na tulitazame gari la Rolls-Royce. Charles Rolls, muuzaji wa magari, na Henry Royce, fundi wa mitambo, walikutana Manchester, Uingereza, mwaka 1904. Mwaka 1906 walianza kuunda gari ambalo baadaye lilijulikana ulimwenguni kwa jina la Silver Ghost. Katika muda wa miaka ipatayo 20 yaliundwa zaidi ya 7,800. Msomaji atadhani kuwa magari hayo, kwa kuwa jina lao lilikuwa moja, yalifanana kama shilingi kwa ya pili.

La, hayakufanana hata kidogo. Kiwanda kiliuza chasisi tu, yaani fremu ya chuma pamoja na injini na magurudumu yake. Mnunuzi aliipeleka chasisi hiyo kwa waundaji wa bodi, kama mtu apelekavyo kitambaa kwa mshoni. Mjini London walikuwako Barker na Hooper, ambao ufundi wao ulianza zamani za magari ya kukokotwa na farasi. Walikuwako pia Park Ward na H. J. Mulliner. Huyu alitaka gari la wazi la kupungia upepo. Yule alitaka chumba kilichofungwa, chenye viti vya ngozi na pazia dirishani. Kila mmoja alishonewa lake.

Fundi alianza kwa mbao. Alichonga mifupa ya bodi kwa mti mgumu wa Ulaya uitwao ash, akaivika bati la alumini. Bati hilo lilipigwa kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, kisha likapitishwa huku na huko kati ya magurudumu mawili ya chuma mpaka likapata mviringo uliotakiwa. Hakimu wa mwisho alikuwa jicho na kiganja cha fundi. Kwa hiyo madigadi ya kulia huweza kupishana kidogo na ya kushoto katika gari moja, na mlango wa gari hili hautarajiwi kuenea katika lile, ingawa yote mawili yametoka karakana moja.

Injini ilidumu kuliko vazi lake. Mbao ziliingiwa na unyevu zikaoza, na viungo vikalegea. Katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, baadhi ya magari hayo yalivuliwa bodi zake, yakavikwa mabamba ya chuma ya kukinga risasi, T. E. Lawrence aliyatumia magari ya namna hiyo katika majangwa ya Uarabuni. Hata wakati wa amani, gari lililozeeka lilinyang'anywa bodi yake ya fahari, likawekewa nyingine ya kubebea majeneza au ya kukokotea magari mabovu. Nani wakati huo angalidhani kwamba mabati yaliyotupwa yangetafutwa kama lulu?

Baada ya Vita ya Pili mambo yaligeuka. Mwaka 1946 kampuni hiyo ilitoa gari la Bentley Mark VI lenye bodi ya chuma iliyokandamizwa kwa mashine katika kalibu. Na mwaka 1965 likatokea Silver Shadow, ambalo bodi na chasisi yake ni kitu kimoja. Kipande kilichotoka katika kalibu moja huenea katika kila gari la aina yake, basi mwenye Silver Shadow aweza kutoa mlango katika gari lililokufa na kulivika lililo hai. Lakini chuma kina adui wake, nacho ni kutu. Gari ambalo bodi yake ndiyo mifupa yake, likiliwa na kutu hupoteza nguvu pamoja na uzuri. Tena kazi ya waundaji wa bodi ilipungua. Hooper waliacha kuunda bodi mwaka 1959, na mwaka 1961 Park Ward na Mulliner, waliokwisha kununuliwa na Rolls-Royce, waliunganishwa kuwa karakana moja.

Basi mwenye gari la kale afanyeje? Wapenzi wa magari hayo waliunda vyama, kimoja mwaka 1949 na kingine mwaka 1957, wakakusanya kumbukumbu za kiwanda, picha na michoro. Kwa msaada wa hizo, fundi wa leo hupima pengo, huchonga ubao mpya, hufua bati jipya. Hapo ndipo uaminifu unapojaribiwa. Gari lililovikwa bati jipya huweza kuuzwa kwa mjinga kana kwamba halijaguswa. Fundi mwadilifu huhifadhi kipande cha zamani, na huandika wazi kipi ni cha kale na kipi ni cha mkono wake.

Aliyepata kuona majahazi yakitengenezwa Lamu atalielewa jambo hili upesi. Ubao wa jahazi ukioza, hakuna duka liuzalo ubao ule. Fundi hutazama pengo, huchagua mti, akachonga. Maadamu fundi yupo, chombo kina uhai. Akifa bila mwanafunzi, hata ghala iliyojaa mbao haitakiokoa. Wenye magari yale walipoanza kutafuta milango na madigadi, waligundua kuwa walichopaswa kutafuta kwanza ni mtu ajuaye kuviunda. Na mtu wa namna hiyo hapatikani ila kwa kufundishwa mapema, wakati mwalimu wake angali anashika nyundo.