Malawi

Malawi, iliyoitwa Nyasaland enzi za Waingereza, ni nchi isiyo na bahari. Inapakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji. Eneo lake ni kilomita za mraba 118,484, kama sehemu moja ya nane ya Tanzania, na karibu moja ya tano yake ni maji. Sensa ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17.5. Makao makuu yalihama Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Fedha yake ni kwacha, yaani "kumekucha".

Mtu wa Nanyala, wilayani Mbozi, huifikia Malawi bila kuliona Ziwa Nyasa: hupita Vwawa, hukata kushoto Mpemba na kushika barabara ya Ileje hadi Isongole. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Chitipa. Wandali na Walambya wako pande zote mbili, na anayevuka kwenda kuwaona jamaa zake hahitaji mkalimani. Mto wenyewe si mpaka wa kuaminika. Kwenye tambarare za karibu na ziwa hubadili njia wakati wa mafuriko, na shamba lililolala Tanzania huweza kuamkia Malawi.

Lugha ndiyo habari kubwa ya nchi hii. Chichewa kinatawala katikati na kusini, ambako pia kuna Chiyao, Chilomwe na Chisena. Kaskazini kuna Chitumbuka, Chitonga na Kyangonde, ndugu wa Kinyakyusa. Kiingereza ni cha ofisini. Mwaka 1968 serikali ya Rais Kamuzu Banda, mwenyewe Mchewa wa Kasungu, ilikifanya Chichewa lugha ya taifa. Chitumbuka kikaondolewa shuleni na redioni, na hewani hakikurudi hadi Banda aliposhindwa uchaguzi wa 1994. Tanzania iliukwepa mtego huo kwa sababu Kiswahili hakikuwa mali ya kabila kubwa lolote.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964, na jamhuri ikafuata 1966. Tumbaku, chai na sukari huuzwa nje kupitia Nacala, Beira na Dar es Salaam.

Kwa kushikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, Malawi hudai maji yote ya ziwa upande wa kaskazini hadi ufuko wa Tanzania. Tanzania husema mpaka unapita katikati. Ramani za huku huandika Ziwa Nyasa, za kule Ziwa Malawi, na mgogoro haujamalizika.